Shimo la Arfst

29 Septemba, siku ya Mikaeli

Mabaharia wa Greenland wamerudi. Tangu asubuhi njia ya kijiji chetu cha Nieblum imejaa mikokoteni ya masanduku na vicheko vya wanaume waliosahau kutembea juu ya ardhi isiyotikisika. Jirani yetu amembeba mkewe mgongoni mpaka kisimani, watu wazima wote wawili, na hakuna aliyewakemea.

Kwetu tumekula uji wa shayiri kimya.

Huu ni mwaka wa nne. Mume wangu Arfst alipanda meli ya Anna Catharina kwenda kuwinda nyangumi, yeye akiwa mrusha chusa. Watu wa meli nyingine waliiona mara ya mwisho imebanwa na barafu, ukungu ukaifunika, basi. Haukuonekana ubao wala kofia. Kwa hiyo mimi si mke wala mjane. Mchungaji anasema mpaka baba wa mtu asimame kanisani na kutamka kwamba mwanawe amekufa, kengele haigongwi, na mimi nabaki hivi nilivyo. Baba mkwe wangu, Kapteni Rörd, hajatamka.

Mama Kressen ameweka taa dirishani kama kila jioni. Mama mkwe wangu ana maneno machache na yote ni makavu. Namwogopa tangu siku ya arusi. Baba ni tofauti. Alinifundisha kuchora, na mimi ndiye ninayenakili ramani za bahari za shule yake ya mabaharia. Tangu mwaka jana namchorea mwezi pia, kwa sababu mkono wake unatetemeka. Daktari Lossius wa Hamburg anatengeneza ramani kubwa ya mwezi, na amewagawia wenye darubini nzuri vipande vya kuchora. Baba amepewa ukingo ule unaoonekana mwezi ukiwa mchanga.

4 Oktoba

Ukungu. Tumeosha sufu.

9 Oktoba

Leo tumepata mgeni: Bwana Wichmann, msaidizi wa Daktari Lossius, aliyezunguka visiwani kukusanya michoro kabla bahari haijachafuka. Kijana wa mjini, viatu vyake vimekwisha kwa matope yetu. Baba alimwonyesha kazi yote, na alipofika ukingoni kabisa akaweka kidole.

"Hapa pana shimo kubwa," alisema. "Nimeliona mara mbili tu. Mwezi hugeuza uso kidogo, siku hii kulia, siku ile kushoto, kama mtu anayekataa bila kutaka kuudhi. Ukigeukia huku, shimo linatokea. Ukigeukia kule, limekwenda."

"Halina jina kwenye ramani yoyote," alisema Bwana Wichmann. "Lichore vizuri, Kapteni, na Daktari atakuruhusu ulipe jina mwenyewe. Sharti ni moja tu, mwenye jina awe marehemu."

"Kwa nini marehemu?" niliuliza.

Alikuwa anachambua paja la bata. "Walio hai wana tabia mbaya, bibi. Unamweka mtu mwezini leo, kesho anatoroka na mke wa meya. Wafu wametulia." Alicheka peke yake. "Haya, Kapteni, una marehemu wako?"

Baba alikuwa anakata mkate. Aliendelea kukata, vipande vingi kuliko watu waliokaa mezani.

"Sina," alisema.

Mama Kressen aliinuka akaenda kuchochea moto uliokuwa ukiwaka vizuri tu.

20 Oktoba

Nimekwenda kwenye bwawa la kunasia bata kuchukua sehemu yetu. Harro ndiye mlinzi wa bwawa. Bata wake wa kufugwa huogelea mbele wakifuata shayiri, wale wa mwituni wanaopita kutoka kaskazini huwafuata ndani ya mfereji uliofunikwa wavu, na huo ndio mwisho wao. Si kazi inayomfurahisha. Ana mguu mfupi, ndiyo maana hakuwahi kusafiri na wenzake.

"Nimepata kazi bara," alisema huku akinifungia bata kwa kamba. "Husum, kwa mfanyabiashara wa ng'ombe. Siku ya Petro, mwezi wa Februari, mabaharia wakiondoka, naondoka nao. Au siondoki. Wewe ndiye unayejua."

"Mimi ni mke wa mtu, Harro."

"Nionyeshe huyo mtu nimsalimie."

Nilichukua bata wangu nikaanza kwenda. Alinifuata akichechemea.

"Ehlen, nimekosa. Arfst alikuwa rafiki yangu. Angekuwa hai ningenyamaza nikazeeka na bata wangu. Lakini kisiwa kizima kinajua hayupo, isipokuwa nyumba yako."

"Hata sisi tunajua."

"Basi mzee aseme. Mimi siwezi kumposa mtu ambaye hajaachwa na mtu."

Nimefika nyumbani vidole vimekufa ganzi.

28 Oktoba

Mvua. Tumenyonyoa bata, tumewatia chumvi.

1 Novemba

Jioni, kabla ya chakula, Baba aliniita kutoka darini kwa sauti ambayo sijaisikia miaka yote hii. "Ehlen, njoo upesi, limegeuka."

Anga ilikuwa imefunguka upande wa magharibi, na mwezi mwembamba umelala chini karibu na tuta la kuzuia bahari. Alikuwa ameinamia darubini, shati limetoka nje, anatamka na mimi nachora. Ukuta wa duara, mrefu. Sakafu nyeusi, laini, haina hata kilima. Upande mmoja ukuta umevunjika.

"Ni bandari kabisa," alisema. "Meli ingeingia hapo na upepo wa nyuma, ikatia nanga, na watu wakalala." Alikuwa anatabasamu. Nilikuwa nimesahau kwamba Arfst alirithi tabasamu lake kwa baba yake. "Sasa andika jina pembeni. Herufi ndogo, zilizonyooka. A, R, F..."

Kalamu yangu ilisimama.

"Baba, yule bwana alisema jina liwe la marehemu."

"Nilimsikia."

"Basi kesho twende kwa mchungaji."

"Mchungaji anahusika nini na mwezi?"

"Ukimwandika Arfst hapa, umesema amekufa."

"Nimesema kule." Alielekeza kidole dirishani. "Hapa sijasema."

"Mtu hafi upande mmoja."

Akaacha darubini akanigeukia. "Kule hakuna atakayelala kitandani mwake. Unadhani sijui kwa nini bata wa Harro wanakuja wanono hivi mlangoni kwangu?"

Nilihisi damu ikipanda mpaka masikioni. Nikaweka kalamu chini. "Andika mwenyewe, Baba."

"Unajua mkono wangu."

"Basi libaki bila jina."

Sijawahi kumjibu hivyo. Nilipogeuka nikamwona Mama Kressen kwenye ngazi na kikapu cha mboji iliyokaushwa ya kuwashia moto. Amesikia yote. Alinitazama, akashuka.

3 Novemba

Asubuhi nimekuta maji ukumbini. Si mengi, ila yameanzia mlango wa mbele, yakafuata ukuta, yakaishia dirishani penye taa. Taa imezimika na mafuta bado yamo. Nilichovya kidole nikaonja. Chumvi.

Nimeketi chini nikiwa na kitambaa mkononi, sikuweza kufuta.

Kila mtoto wa kisiwa hiki anajua maana yake. Aliyezama mbali, asiyezikwa, hurudi mara moja au zaidi kwa watu wake wawe na yakini. Tunamwita mtembezi. Hasemi, hadhuru mtu. Anaingia na nguo zake zilizolowa, anazima taa, anaondoka, na asubuhi unakuta maji ya bahari. Marehemu bibi yangu alimpata kaka yake hivyo. Miaka minne nimekuwa nikijiambia: mtembezi hajaja, basi labda.

Baba aliyatazama. "Paa linavuja," alisema.

"Paa halivuji chumvi," alisema Mama Kressen. Akachukua kitambaa mkononi mwangu akafuta mwenyewe, polepole, kama mtu anayemwosha mgonjwa.

4 Novemba

Sikulala.

15 Novemba

Tena. Njia ileile, taa ileile. Safari hii palikuwa na uzi wa mwani mlangoni.

Baba amesema ni umande wa bahari unaoletwa na upepo. Hakuna aliyembishia. Amefundisha wanafunzi wake siku nzima kwa sauti ya juu mno, na wao wanatazama sakafu, maana habari imeshafika kila nyumba. Dukani wanawake wamenipisha nipite mbele. Mmoja alinishika mkono akasema, "Pole, dada, sasa angalau ameanza safari ya kuja." Nilitaka kumwuliza, akishafika je? Atakaa wapi?

Nikiwa jikoni najikuta nasikiliza. Nikikunja nguo nahisi mtu amesimama nyuma yangu akingoja nimalize. Nikigeuka, ni ukuta.

22 Novemba

Upepo. Kondoo wawili wa jirani wamechukuliwa na maji.

27 Novemba

Dhoruba ya siku mbili. Bahari ilipanda tuta mpaka karibu na juu, wanaume wote wakaenda kuziba na mabunda ya majani. Asubuhi hii maji tena ukumbini, na safari hii hayakuishia dirishani. Yamekwenda mpaka mlango wa kitanda changu, kile kilichojengwa ndani ya ukuta, yakasimama hapo dimbwi. Nilipofungua mlango wa kitanda niliyakanyaga kwa miguu mitupu.

Nilipiga kelele. Sioni aibu kuandika hivyo.

Baba alikuja akaona. Uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyepigwa na mtoto wake. "Nitalitengeneza hilo paa," alisema, "nitalitengeneza leo."

"Rörd, upepo huu," alisema Mama.

Alikwishatoka. Alipanda na fungu la matete begani, mzee wa miaka ile, na sisi wawili tumeshika ngazi chini tukimwita. Alikuwa anatia matete mahali ambapo paa ni zima kabisa. Nilimsikia akizungumza huko juu, nikadhani anasali. Alikuwa anasema, "Hapa ndipo, hapa ndipo panapovuja." Halafu upepo ukamshika.

Mkono wa kulia umevunjika mahali pawili. Mganga wa mifupa ametoka mjini Wyk akaunyoosha. Baba hakulia hata mara moja. Alikuwa anauliza tu kama ukumbi umekauka.

1 Desemba

Mwezi mchanga ulikuwa huko nyuma ya mawingu. Baba ameketi dirishani na bendeji yake, ametazama mawingu mpaka giza likaingia.

13 Desemba

Nitaandika hili jinsi lilivyokuwa.

Alasiri jua linazama mapema sasa. Nilikwenda ufukweni kuokota mbao zilizoletwa na dhoruba, na kwenye mwanga ule wa mwisho nikaona mtu amesimama ndani ya maji mpaka magotini. Nilijua ni yeye. Nilianza kutembea kumwendea, sikuweza kujizuia, na midomo yangu ilikuwa inaita jina lake bila sauti.

Alikuwa Mama Kressen. Amekunja sketi mpaka kiunoni, anachota maji kwa ndoo ya maziwa.

Tulitazamana. Hakushtuka. Alitoka majini, akaweka ndoo kwenye mchanga, akaanza kuvaa soksi zake. Miguu ilikuwa myekundu.

"Mara zote ni wewe?" niliuliza.

"Nani mwingine?"

"Na taa?"

"Taa niliizima." Hapo tu sauti yake iliteleza. "Miaka minne naiwasha. Nilidhani mkono utakatika kuizima. Haukukatika."

"Kwa nini, Mama?"

"Kwa sababu Rörd ameniuliza mara ngapi kama nimesikia hatua njiani. Kwa sababu wewe una miaka thelathini na unatembea kama mimi. Mimi nilijua siku ileile. Nilikuwa nakanda mkate, nikajua. Nikamwambia, Rörd, mtoto amekwenda. Akasema wanawake husema hivyo kila upepo ukivuma." Alifunga kamba ya kiatu. "Mimi hajapata kuniamini tangu tuoane. Maji nilidhani angeyaamini."

"Ameanguka kutoka paani."

"Najua kilichomwangusha."

Nilikuwa na hasira, nikaitafuta ile hasira nikashindwa kuishika. Yeye ndiye aliyeyapeleka maji yale mpaka kitandani kwangu, usingizi wangu wote wa wiki sita ameula yeye. Na alisimama baharini Desemba, na umri ule, ili mimi niolewe na mwanamume mwingine badala ya mwanawe.

"Utamwambia?" aliuliza.

Nilimwaga ile ndoo mchangani. Kisha nikampa bega langu aegemee, tukapanda tuta pamoja. "Inatosha, Mama," nilimwambia. "Usirudi tena majini."

"Sitarudi. Hata hivyo hayakufaa kitu."

25 Desemba

Krismasi. Kichwa cha nguruwe, kabichi ya kijani. Mama amekohoa ibada nzima.

30 Desemba

Mbingu safi kwa mara ya kwanza. Baba hawezi kushika darubini, akaniambia, "Tazama wewe." Miaka yote hii nimeuchora mwezi kwa maneno yake, sijawahi kuutazama kwa jicho langu kwa sababu hakuwahi kuniachia kiti.

Sikutegemea. Nilidhani ni taa. Ni nchi. Ni nchi iliyokufa, ina milima na vivuli, na hakuna kitu chochote kinachopita.

"Umeliona?"

Nilitafuta ukingo wote. "Halipo, Baba. Limegeuzwa."

"Tafuta vizuri."

"Nimetafuta."

"Anzia kaskazini, shuka polepole. Usirukie." Alikuwa amesimama nyuma yangu, mkono usiovunjika umeshika mgongo wa kiti. "Litakuwepo. Haliwezi kuwa halipo."

Nikaacha kutazama. "Baba, keti."

Aliketi. Akasema, "Nafasi kwenye Anna Catharina nilimwombea mimi. Yeye alitaka kungoja meli nyingine. Nikimwambia mchungaji amekufa, Ehlen, nani atakuwa amemuua?"

Tangu Novemba nilikuwa namwona mkaidi. Nilikuwa naandika hasira yangu hapa na kuiita haki. Nimemshika mkono, tumekaa hivyo mpaka mwezi ukazama.

6 Januari

Mama amelala kitandani na homa. Kifua kinapiga kama lango bovu.

14 Januari

Baridi ambayo wazee hawaikumbuki. Bahari imeganda. Wanaume wamevuka kwa miguu mpaka kisiwa cha Amrum na wakarudi. Mtu akisimama juu ya tuta haoni maji popote, weupe tu mpaka mwisho wa macho. Harro amekuja kuvunja barafu ya kisima chetu, akakataa chai, akaenda zake. Bata wake wanakufa.

18 Januari

Mama hajala. Nimemlisha mchuzi kwa kijiko. Anasema, "Unanimwagia, kama vile mimi kuku." Nimefurahi kusikia kejeli.

24 Januari

Baba ndiye aliyeamka kwanza leo. Nilisikia akiniita, si kwa nguvu.

Alikuwa amepiga magoti ukumbini. Maji yalikuwa yameanzia mlango wa mbele, yakafuata ukuta. Taa imezimwa. Hayakwenda kitandani kwangu. Yalikwenda mpaka mlango wa chumba anachofundishia, yakasimama mbele ya kiti chake.

Ndoo ya maji ya kisima iliyokuwa palepale ukumbini ilikuwa imeganda mpaka chini. Yale ya sakafuni hayakuganda. Yalikuwa yanatikisika kidogo, kana kwamba mtu ametoka kuyakanyaga sasa hivi.

Baba alichovya vidole vya mkono wa kushoto akatia mdomoni. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Amekuja kwangu."

"Ndiyo, Baba."

"Miguu yake lazima imeumia, njia yote hii juu ya barafu." Halafu akaweka paji la uso sakafuni, ndani ya yale maji, mabega yakaanza kutikisika. Nilimwacha. Haikunipasa kuingilia.

Nilikwenda kwa Mama. Mlango ulikuwa wazi na alikuwa amesikia. Alikuwa hawezi hata kuinua kichwa, mimi mwenyewe nilikuwa nimemgeuza mara kadhaa tangu jana. Akanishika kidole.

"Asante, mwanangu," alinong'ona. "Uliyapata wapi, na bahari yote imeganda?"

Nilimtazama. Alikuwa anatabasamu, kwa mara ya kwanza tangu niolewe nyumba hii. Nilitaka kusema, Mama, si mimi.

"Nilivunja barafu," nilisema.

25 Januari

Nimekwenda ufukweni. Nimetembea mpaka pale ndoo ilipochotwa, na kupita, mbali sana. Hakuna aliyevunja barafu mahali popote. Theluji ya juu yake ni nzima, haina alama hata ya ndege.

Nimemwuliza Harro kama alikuja kwetu. Hakuelewa ninachouliza, na yeye hajui kudanganya.

26 Januari

Baba amevaa koti lake la ukapteni, mkono mmoja tu ndani ya mkono wa koti, amekwenda kwa mchungaji kwa miguu. Hakutaka nimsindikize.

29 Januari

Kengele ya kanisa la Mtakatifu Yohana imegongwa kwa Arfst. Uwanja mzima wa kanisa umejaa mawe marefu ya makapteni, kila jiwe linasimulia safari za mwenyewe, nyangumi wangapi, wake wangapi. Baba alisimama katikati yake akasema, "Mwanangu Arfst amekufa," akasema tena, kwa sauti zaidi, kana kwamba mara ya kwanza hakusikika. Nilivaa kitambaa cheupe cha mjane. Nilidhani nitahisi mzigo umeshuka. Nilihisi baridi ya masikio.

Jioni hiyohiyo anga ilifunguka. Hakuna aliyepanda darini.

10 Februari

Barafu imeanza kupasuka. Inalia usiku na mchana. Mama ameketi kitandani, ameomba sufu afume.

21 Februari

Usiku wa moto mkubwa. Kila kijiji kimewasha moto wake juu ya kilima, kuwaaga mabaharia kama ilivyo desturi. Tumeona mioto ya Amrum na ya bara ng'ambo ya maji.

Harro alikuja akasimama upande wa pili wa moto, sanduku lake limeshafungwa. Kabla sijafika kwake, Baba alifika.

"Wewe, mtu wa bata."

"Kapteni."

"Nasikia Husum ng'ombe wanachoma watu pembe."

"Nimesikia hivyo."

"Na mwenye kiguu atakimbiaje?" Baba alitazama moto. "Paa langu linahitaji mtu. Si kwamba linavuja. Ni la zamani tu." Akaondoka akaenda kusimama na makapteni wenzake.

Harro alinitazama mimi. "Ehlen, hiyo ndiyo ruhusa, au nimetukanwa?"

"Vyote viwili," nilimwambia. "Fungua sanduku lako. Baada ya Pasaka."

Alitabasamu mpaka ikabidi ajifanye moshi umemwingia machoni.

Sijamwambia kuhusu yale maji. Sijui kama nitamwambia. Kuna kitu kilichoingia nyumba yetu ambacho ni mimi pekee ninayekijua. Mama anafikiri ni mimi, Baba hana haja ya kufikiri. Nikipita ukumbini sasa natembea pembeni, kando ya ukuta ule mwingine, kuacha njia.

28 Februari

Mwezi mchanga umesimama juu kabisa leo, si kama wa Novemba uliojificha kwenye tuta. Shimo limegeuka. Nililiona mwenyewe: ukuta wa duara, sakafu nyeusi, mlango uliovunjika upande mmoja. Baba alitazama baada yangu, akarekebisha mstari mmoja, akasema, "Sasa."

Nikaandika. Herufi ndogo, zilizonyooka. Bwana Wichmann alitueleza Oktoba mashimo ya jirani yana majina ya akina nani: askofu mkuu mmoja na mtaalamu wa hesabu wa Bologna. Watu watakaosoma ramani watauliza huyu Arfst alikuwa mwanachuoni wa wapi. Baba anasema waache waulize.

Nilikuwa nasubiri wino ukauke niliposikia ngazi. Mama Kressen alikuwa anapanda, mkono mmoja ukutani, akipumzika kila hatua. Tangu darubini iingie nyumba hii hajawahi kukanyaga dari. Baba aliinuka akampa kiti, akamwonyesha pa kuweka jicho, akarudi nyuma bila kumfundisha kitu.

Alitazama kwa muda mrefu. Tulisikia kifua chake tu.

"Ni lile lenye mlango?" aliuliza.

"Ndilo," alisema Baba.

"Na hii nyeusi katikati, ni maji?"

"Hapana, Kressen. Hakuna maji huko. Hakuna hata tone, mwezi mzima."

Hakutoa jicho kwenye kioo. Mkono wake ulitafuta nyuma, ukaupata ule wa Baba uliovunjika, ukaushika taratibu.

"Basi pakavu," alisema.